Mazoezi ya Pilates kwa magoti yanayoangukia ndani wakati wa kutembea

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini, nina umri wa miaka 49. Kwa muda mrefu sasa magoti yananiuma kwa mbele, hasa la kushoto, ninaposhuka mlima kwenda kazini na ninapoinuka baada ya kukaa chini. Binti yangu alinirekodi kwa simu nikitembea, nikaona magoti yangu yanaelekeana kwa ndani hadi karibu yagusane. Aliniambia kwamba mazoezi ya Pilates, yale ya polepole ya kudhibiti mwendo wa mwili na pumzi, hunyoosha magoti, nikaanza kufuata yale ya kulala chali ninayoyaona kwenye simu. Mwezi wa pili unakwisha, maumivu yamepungua kidogo, lakini mwendo wangu ni ule ule. Je, ni kweli mazoezi haya hunyoosha magoti? Nifanye yapi nyumbani bila mashine? Na je, nifunge goti bandeji?

JIBU: Mwalimu, neno "kunyoosha" limebeba mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe kabla ya kuchagua zoezi lolote, yaani umbo la mifupa na namna mguu unavyoongozwa unapobeba mwili. Umbo la mifupa ya mtu mzima halibadilishwi na mazoezi, yawe ya Pilates au ya aina nyingine. Mtoto huzaliwa akiwa na matege kidogo, akifika miaka mitatu au minne magoti yake huelekea ndani, na kufikia umri wa miaka saba hivi miguu huwa imekaa katika umbo itakalobaki nalo. Hata mtu mzima mwenye miguu inayoonekana imenyooka kabisa ana pembe ya nyuzi 5 hadi 7 hivi kati ya paja na ugoko, kwa hiyo magoti kukaribiana kidogo ni hali ya kawaida na wala si ugonjwa. Jambo la pili, yaani namna mguu unavyoongozwa, linabadilika, tena linabadilika hata kwa mtu wa umri wako na zaidi.

Ili ujue lako ni lipi, vua viatu, pandisha nguo hadi magoti yaonekane, kisha simama mbele ya kioo kirefu ukiacha nafasi ya upana wa nyonga kati ya miguu. Tazama magoti yalivyo ukiwa umesimama wima bila kukunja chochote. Halafu shika ukuta kwa kidole kimoja, simama kwa mguu mmoja na ukunje goti kidogo tu, kama mtu anayetaka kushuka ngazi moja. Ikiwa goti lilikuwa mahali pake uliposimama kwa miguu yote miwili, kisha likakimbilia upande wa kidole gumba mara ulipolikunja, au kiuno kikainamia upande wa mguu uliouinua, tatizo kubwa ni la uongozi, na hapo mazoezi yana kazi ya kufanya. Ikiwa magoti yanagusana hata ukiwa umesimama tuli huku vifundo vya miguu vikiwa mbalimbali, sehemu ya hali hiyo ni mifupa yenyewe. Mazoezi yatakusaidia kupunguza maumivu na kuimarisha mwendo, lakini picha utakayoiona kwenye kioo haitabadilika sana, na ni haki yako kulijua hilo mapema.

Goti lenyewe lina uhuru mdogo sana wa kwenda kando. Kazi yake kubwa ni kukunja na kunyooka, na mahali linapoelekea huamuliwa na nyonga iliyo juu yake na wayo ulio chini yake. Paja likizunguka kwa ndani kutoka kwenye nyonga, goti hulifuata, na upinde wa wayo ukilala chini, ugoko nao huzunguka kwa ndani na kulivuta goti upande ule ule. Pia ya goti, ule mfupa wa duara ulio mbele, huteleza ndani ya mfereji ulioko mwishoni mwa mfupa wa paja. Mfereji huo ukigeukia ndani huku misuli ya mbele ya paja ikiivuta pia hiyo ya goti kwa nguvu, ukingo wa nje wa pia hugandamizwa kuliko inavyostahili, na maumivu ya mbele ya goti huanzia hapo.

Ndiyo maana unaumia zaidi mlimani. Mtu akitembea mahali tambarare, pia ya goti hugandamizwa kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wa mwili wake, lakini akipanda au kushuka ngazi nguvu hiyo hufika mara tatu ya uzito wake au zaidi, na akichuchumaa hadi chini huongezeka tena kwa kiasi kikubwa. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku goti likiwa limekunjwa na mguu mmoja ukiwa umebeba mwili wote, na kosa dogo la uongozi ambalo halisikiki kwenye sakafu ya darasa husikika vizuri kwenye mteremko.

Katika kila hatua, wayo mmoja hukaa chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwili wote umesimama juu ya mguu huo peke yake. Kinachozuia kiuno kisianguke upande wa pili ni misuli ya kando ya nyonga, ambayo kazi yake hufanana na ya kamba zinazoushikilia mlingoti wa jahazi kutoka pembeni: kamba ya upande mmoja ikilegea, mlingoti huinama hata kama mbao zake ni nzima. Miongozo ya kitaalamu kuhusu maumivu ya mbele ya goti hupendekeza mazoezi ya nyonga yaende pamoja na ya goti, kwa kuwa pamoja yanasaidia zaidi kuliko kuimarisha paja peke yake.

Sasa nije kwenye jambo linalokusumbua, yaani kwamba miezi miwili imepita na mwendo haujabadilika. Hukufanya kosa, wala mazoezi hayajakudanganya. Maumivu yamepungua kwa sababu misuli imeanza kupata nguvu. Lakini nguvu na uongozi ni vitu viwili. Msuli wa nyonga uliopata nguvu ukiwa umelala chali haujui wenyewe kwamba unatakiwa uamke wakati wayo unapogusa barabara, na mtu anaweza kuwa na makalio yenye nguvu sana na bado akatembea kwa mazoea yake ya miaka 40. Mwendo hubadilishwa kwa kuufanyia mazoezi mwendo wenyewe, polepole, mbele ya kioo, hadi mwili uuzoee. Mazoezi ya kulala ni matayarisho, na wewe umebaki kwenye matayarisho.

Matayarisho hayo yana sababu ya kuwepo. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883, akazuiliwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akaenda kufungua chumba chake cha mazoezi New York katika miaka ya 1920, aliuita mfumo wake kwa jina lenye maana ya elimu ya udhibiti. Mashine yake maarufu ni kitanda kinachoteleza juu ya reli na kuvutwa na springi. Mtu hulala chali, huweka nyayo kwenye upau na kujisukuma, na kwa njia hiyo miguu hufanya kazi inayofanana na ya kusimama bila kubeba uzito wote wa mwili. Kwa goti linalouma, hiyo ni nafasi nzuri ya kujifunza mstari sahihi kabla ya kuubebea mzigo. Huhitaji kitanda hicho. Unahitaji mkeka, ukuta, kanga moja, na kipande cha mpira kilichokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ule ule unaotumika kufungia mizigo kwenye keria.

Anza na mpira na wayo. Lala chali, kunja mguu mmoja na uache wayo wake sakafuni, kisha inua mguu mwingine ukiwa umekunja goti, pitisha mpira chini ya wayo huo na ushike ncha zake kwa mikono yote miwili. Tazama mstari mmoja tu: kidole cha pili cha mguu, katikati ya pia ya goti, na ule mfupa wa mbele wa nyonga unaoweza kuugusa kwa kidole. Vuta pumzi puani. Unapoitoa kwa mdomo, ingiza kidogo tumbo la chini kisha usukume wayo mbele hadi mguu unyooke bila goti kurudi nyuma kupita kiasi. Rudi polepole ukihesabu hadi nne. Watu wengi husukuma vizuri na kurudi ovyo, na ni katika kurudi ambapo goti hutoroka kwenda ndani, kwa sababu hapo msuli unafanya kazi huku ukirefuka, sawa na unavyofanya ukishuka mlima. Ukiona goti limetoroka, punguza ukali wa mpira. Fanya mara kumi kwa kila mguu, ukianza na ule usiouma ili mwili uone unavyopaswa kufanya.

La pili ni daraja. Kunja magoti yote mawili, nyayo sakafuni kwa upana wa nyonga, na ufunge mpira juu kidogo ya magoti. Toa pumzi, inua kiuno hadi mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, ukisukuma mpira kwa nje kidogo muda wote, kaa hapo kwa pumzi mbili, kisha teremka. Zoezi likiwa jepesi, baki juu na uinue kisigino kimoja, halafu kingine, na baadaye wayo mzima, bila kiuno kuinamia upande wowote. Katika video nyingi utaona watu wakibana mpira wa kuchezea au mto katikati ya magoti. Zoezi hilo lina watu wake, lakini kwa mtu ambaye magoti yake tayari yanavutana kwa ndani, mimi huchagua mpira wa kufunga kwa nje, kwa sababu kinachohitaji kuamshwa ni misuli ya kuyatenganisha.

Lipo pia lile la kulala ubavu, wengine huliita chaza: magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, na goti la juu linafunguka kama gamba. Lala hivyo huku mgongo ukigusa ukuta, kwa sababu kosa la karibu kila mtu ni kuviringisha kiuno kwenda nyuma ili goti lionekane limefunguka sana, na hapo msuli unaotakiwa unakuwa umepumzika. Uwazi mdogo unaotoka kwenye nyonga yenyewe una faida kuliko uwazi mkubwa wa kiuno. Baada ya wiki mbili au tatu, nyoosha mguu wa juu na uuinue wote ukitanguliza kisigino, ukiwa nyuma kidogo ya mstari wa mwili. Utahisi kazi pembeni mwa kalio. Ukihisi mbele ya nyonga, mguu umekwenda mbele.

Ukishaweza hayo bila goti kuyumba, inuka. Kwanza simama ukishika ukuta, weka kanga iliyokunjwa katikati ya visigino, na ujiinue juu ya vidole ukiibana kanga hiyo isianguke, uzito ukiwa umegawanyika kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Zoezi hili huimarisha shavu la mguu na misuli inayoinua upinde wa wayo, na hivyo huzuia goti lisivutwe kutoka chini. Kisha lifuate zoezi ninalolithamini kuliko yote niliyoyataja. Simama juu ya kizingiti au tofali pana lililolazwa na lisilotikisika, urefu wa sentimita kumi unatosha, ukitazama kioo. Mguu mmoja ubaki juu, na mwingine uushushe mbele polepole hadi kisigino kiguse sakafu kwa wepesi, bila kukitegemea, kisha urudi juu. Goti la mguu uliobaki juu lielekee kidole cha pili kutoka mwanzo hadi mwisho, na kiuno kibaki sawa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Kama huwezi kushuka sentimita kumi bila goti kuanguka, shuka tano. Mara tano zilizo safi zinakutosha, na ya sita iliyo chafu inafundisha mazoea yale yale unayotaka kuyaacha. Kuwa mkali juu ya hili, Mwalimu, kama unavyokuwa mkali juu ya mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mara umalizapo zoezi hilo, tembea. Usiahirishe hadi jioni, kwa kuwa dakika chache baada ya zoezi ndizo mwili unapokumbuka vizuri. Ukumbi wa shule baada ya wanafunzi kuondoka ni mahali pazuri, au sakafu yoyote iliyo tambarare na ngumu. Tembea kwa dakika tano ukishika wazo moja tu, yaani goti lipite juu ya kidole cha pili kila wayo unapopokea uzito. Siku nyingine shika wazo la kisigino kugusa chini bila kishindo, na nyingine wazo la kiuno kubaki sawa. Mtu anayejaribu kukumbuka mambo manne kwa pamoja hutembea kama aliyefungwa mbao. Binti yako akurekodi tena baada ya wiki nne, kutoka mbele na kutoka nyuma, mahali pale pale na kwa viatu vile vile.

Kwenye mteremko, fupisha hatua na uziongeze kasi kidogo, kwa sababu hatua ndefu huukuta mwili uko nyuma ya wayo na kulilazimisha goti kufanya breki zaidi. Kandambili zilizolika upande mmoja huharibu kazi ya mazoezi, hivyo zitazame chini na uzibadilishe. Ufukwe wetu ni mzuri kwa matembezi, lakini mchanga laini huuzamisha wayo na kulichosha goti, na ukingo wa bahari una mwinamo, kwa hiyo mguu mmoja huwa chini ya mwingine safari nzima. Tembea penye mchanga mgumu maji yanapokupwa, na urudi kwa njia ile ile ili miguu ibadilishane upande. Wakati wa korosho, ukienda shambani, usichuchumae kwa saa nzima kuokota. Okota kwa muda mfupi, simama, nyoosha magoti mara chache, kisha endelea. Hali kadhalika unapokuna nazi: mbuzi hukuweka chini sana, na kukaa na goti lililokunjwa kwa muda mrefu huleta yale maumivu ya kuinuka uliyoyataja.

Fanya mazoezi ya nguvu siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati, na yale ya kioo na ya kutembea kila siku kwa muda mfupi. Maumivu madogo wakati wa zoezi hayana ubaya. Ukiyapa alama kutoka sifuri hadi kumi, yasizidi tatu, na yawe yamerudi katika hali ya kawaida kesho yake asubuhi. Yakizidi hapo, punguza kimo cha tofali au idadi, lakini usiache kabisa. Wiki sita hadi kumi na mbili ndio muda wa kawaida wa kuona mabadiliko ya nguvu, na mazoea mapya ya mwendo huhitaji uvumilivu zaidi. Kama uzito wako umezidi, kupunguza hata kidogo kunasaidia sana: kwa watu wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika, kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo unaoliangukia goti katika kila hatua.

Kwa umri wako watakuwepo wa kukuambia kwamba ute wa goti umekwisha na kwamba unywe maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri, lakini hailiwi ikaenda kuwa ute wa goti. Ute hutengenezwa na utando wa ndani wa goti lenyewe, na husambazwa kwenye gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kwa goti kukunjwa na kunyooshwa. Hata picha ya eksirei ikionyesha kwamba goti limeanza kusagika, mazoezi yanabaki kuwa tiba ya mwanzo, wala si kitu cha kuogopwa.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kusubiri mazoezi: goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hasa pamoja na homa, goti linalokwama lisinyooke, au linalokuachia ghafla hadi ukaribie kuanguka, maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umetulia, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, na goti lisiloweza kubeba uzito baada ya kuanguka. Kwa hayo nenda hospitali. Hata bila hayo, ni vema uonane walau mara moja na mtaalamu wa fiziotherapia akutazame ukitembea, na mahali pa kuulizia ni hospitali za rufaa za mikoa yetu, Sokoine kwa Lindi na Ligula kwa Mtwara.

Kuhusu bandeji, unaweza kuifunga siku ya matembezi marefu ikiwa inakupa utulivu, kwa kuwa hulipa goti joto na kumkumbusha mtu alipo mguu wake, lakini haishiki paja lisizunguke, kwa hiyo ivue unapofanya mazoezi ili uone goti linavyokwenda. Isibane hadi wayo ufe ganzi au uvimbe, na usilale nayo. Ikiwa maumivu yanakuchechemesha, fimbo itakufaa kuliko bandeji, na ishikwe kwa mkono wa kulia, upande ulio mkabala na goti lako la kushoto, iende mbele pamoja na mguu huo wa kushoto.